Maswali na Majibu: Nyuzi Milioni 150 Tena

Ndani ya tokamaki, mtambo wa myeyungano wa nyuklia (kuunganisha viini vya atomi ili kupata nishati), plazma, yaani gesi yenye chaji ya umeme, ina nyuzi milioni 150. Tungsteni, metali ya ukuta, inayeyuka kwa 3,422. Ukuta huo unaponaje?
Swali hili tena! Nyuzi si mzigo wa joto unaotua ukutani. Plazma hiyo ni nyepesi kuliko hewa unayovuta kwa zaidi ya mara laki moja, na sumaku huishika isikumbatie ukuta. Cheche ya fundi wa kuchomelea ina moto kuliko chai, lakini ikikurukia unajipangusa tu. Birika likikumwagikia, ni hospitali. Uliza ni wati ngapi zinatua kwenye kila mita ya mraba, na kwa muda gani. Divata ya ITER, tokamaki ya kimataifa inayojengwa kule Cadarache, Ufaransa, ambayo ndiyo ekzosi ya mtambo, imeundwa kuhimili megawati 10 kwa mita ya mraba, na 20 kwa vipindi vifupi. Megawati 10 kwa mita ya mraba ni pasi nzima ya wati 1,000 iliyobanwa kwenye ukucha wa kidole gumba. Kila ukucha na pasi yake.

Kwani tungsteni huharibika kabla ya kuyeyuka?
Tafuta globu ya zamani ya waya, iliyowaka miezi. Kioo kimeingia weusi: hiyo ni tungsteni iliyohama kutoka kwenye waya. Igonge kidogo kwa kidole, tik, waya umekatika, ingawa ulipokuwa mpya ulikubali kupinda. Joto limekuza fuwele zake, na nyufa hupita mipakani mwake. Kwenye vigae vya mtambo hali hiyo huweza kuanza kwenye nyuzi 1,300 hivi. Halafu inakuja heliamu, jivu la myeyungano wenyewe. Hujipenyeza kwenye tungsteni yenye moto, hufanya mapovu, na uso huota manyoya meusi kama ukungu wa mkate. Hata tone moja halijayeyuka.

Wamewahi kuyeyusha makusudi?
Ndiyo. Mwaka 2013, kwenye tokamaki ya JET kule Culham, Uingereza, kipande kimoja cha tungsteni kiliachwa kijitokeze kuliko wenzake. Kiliyeyuka, kikasukumwa pembeni, kikaganda kama nta ya mshumaa. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: ukingo uliopishana kwa milimita chache si jambo dogo.

Kwa nini ITER imeacha metali ya beriliamu kwenye ukuta wake na kuchukua tungsteni?
Huyeyuka kwa nyuzi 1,287, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Lakini anayekusifia tungsteni bila kutaja elektroni zake 74 anakuuzia kitu. Kwa elektroni zote hizo, atomi zake chache tu kwa kila laki moja zikiingia katikati ya plazma, zinamwaga joto nje kama mwanga.

Tokamaki ya WEST, Ufaransa, ilidumisha plazma sekunde 1,337 Februari 2025. Tatizo limekwisha?
Kwa megawati 2 za kupashia joto, bila tritiamu (hidrojeni nzito, mafuta ya myeyungano), yaani bila kipigo cha nyutroni za kweli? Hapana. Nionyesheni vigae, si saa ya ukutani.

Rwanda si inachimba tungsteni?
Inachimba. Nyingi duniani hutoka China, kwa hiyo tusijivune mapema.