Re: Zinki oksaidi yangu inatoka madonge tu, vijiti viko wapi?

Boss wa Nakuru, umesema unachanganya nitrati ya zinki na sodiamu haidroksaidi ukitarajia vijiti vya pembe sita na unapata madonge. Sishangai hata kidogo. Ukimwaga haidroksaidi yote mara moja, mbegu za fuwele zinazaliwa nyingi kwa mpigo, zinki inaisha kabla hata moja haijakua ya maana halafu zote zinashikana.

Sisi huku Kisumu badala ya sodiamu haidroksaidi tunatumia heksamini. Hiyo ikipata moto inavunjika polepole, inaachilia amonia kidogo kidogo, so pH inapanda taratibu. Nitrati ya zinki na heksamini, 0.025 M (moli kwa lita) ya kila moja, chupa ifungwe vizuri, oveni 90 °C masaa kadhaa, na usifungue fungue kuchungulia.

Sasa umbo. Uso wa fuwele unaokua mbio ndio hupotea, ule wa polepole ndio unabaki ukionekana. Kwa zinki oksaidi ncha ndizo zinakimbia, sababu zina chaji, mwisho mmoja ni zinki na mwingine ni oksijeni, ndio unapata kijiti kirefu. Lakini tia sitreti (chumvi ya asidi ya ndimu) kidogo uone: inakwama pale kwa ncha, kijiti kinakataa kurefuka kinaanza kunenepa, ukiongeza unapata kisahani cha pembe sita. Joto ni lile lile, zinki ni ile ile! Ndio maana watu wakianza kubishana digrii tano juu digrii tano chini mimi huuliza kwanza, kwani kwa hayo maji kuna nini kingine?

Na wewe pia nakuuliza, umetoa maji wapi? Borehole nyingi za huko kwenu zina floraidi, na floraidi si ya kuchezea, kuna watu 2008 waliitumia makusudi kupanua uso mmoja wa fuwele za titani oksaidi ambao kwa kawaida hauonekani sana. Fosfeti nayo hurefusha chembe za hematiti, kwa hivyo bika ikioshwa na sabuni ya unga isuuzwe mpaka basi. Tumia maji yaliyotoneshwa, ya mfereji wachia chai.

Kama pesa ya darubini ya elektroni haipo, omba XRD, yaani kupima fuwele kwa eksirei, ile mashine inayotumia eksirei za kopa, ulinganishe kilele cha digrii 31.8 na cha 34.4 kwenye grafu. Vijiti vikilala kwa slaidi cha kwanza kinapanda, visahani vikilala ni cha pili kinaruka juu. Ukipata weka picha hapa tuangalie.