Viroba vya mboga vya wazee vinakauka chini, tunakosea wapi?

SWALI: Kamwene mtaalamu. Niko kijiji kimoja huku Kilolo, Iringa, tuna kikundi cha wazee 14, wengi wanaishi na wajukuu tu. Mwanzo tuliwapa eneo kwenye vinyungu (bustani za bondeni zenye unyevu) walime mboga, wakaja wiki tatu wakaacha. Sa hivi tumewawekea viroba nyumbani (vimejazwa udongo, mboga zinapandwa juu na kwenye matundu ya pembeni) ila mboga za juu zinastawi, za pembeni chini zinakauka. Shida nini?

JIBU: Kamwene ndugu yangu. Kwenye vinyungu msiwalaumu wazee bhana, kushuka bondeni sawa, ila kupanda na mzigo wa mboga kwa magoti ya miaka 75 nani anaweza kila siku? Afu sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli ziwe angalau mita 60 kutoka mtoni au kwenye chanzo cha maji, kwa hiyo hata wangekomaa navyo kuna siku mngehamishwa.

Sasa viroba. Nahisi hamkuweka nguzo ya mawe katikati. Ukimwagia juu tu, maji yanalowesha udongo wa juu mengine yanachuruzika pembeni, chini yanafika kidogo sana. Vimwageni muanze upya, msiogope. Changanya ndoo 3 za udongo wa juu, 2 za samadi iliyooza vizuri, 1 ya mchanga. Chukua kopo la rangi lililokatwa kitako chote, simamisha katikati ya kiroba, jaza kokoto ndani ya kopo na udongo kuzunguka nje, afu livute juu taratibu kokoto zibaki, jaza tena, vuta tena, mpaka juu. Maji utayamwagia kwenye hizo kokoto, kidogo kidogo asubuhi na jioni. Matundu ya pembeni yapishane, nafasi ya shubiri moja. Na kiroba kisizidi kiuno cha mzee mwenyewe, maana kuna mahali nimekuta bibi kawekewa kiroba kirefu kuliko yeye nikacheka ila inauma.

Kiangazi maji ya kusuuzia mboga au kuoshea mchele yanafaa, ya sabuni ya unga hapana.

Pandeni chainizi, sukuma wiki na mnafu, juu kabisa karoti chache. Matembele huko kwenu Juni na Julai baridi itayachoma, labda kiroba kikae karibu na ukuta unaopigwa jua na usiku kifunikwe nyasi. Chainizi baada ya mwezi hivi toka kuhamishia miche unaanza kuchuma majani ya chini, using'oe shina.

Kwenye kupika, wengi hawana meno, kwa hiyo mnawachemshia mboga mpaka inakuwa uji na maji yanamwagwa, vitamini zinaenda na hayo maji. Katakata ndogondogo sana, pika muda mfupi, weka karanga za kusaga au mafuta kidogo maana vitamini A bila mafuta mwili hauichukui vizuri. Limao likipatikana kamulia, linasaidia madini ya chuma. Chai (najua huko kwetu chai haiishi mezani) isubiri kama saa moja baada ya kula, inazuia hayo madini.

Ila msiwatawanye kabisa, walikuwa wanapenda ile kukaa pamoja, kilichowashinda ni mlima. Kitalu cha miche kibaki kimoja, sehemu tambarare katikati ya kijiji, vijana wabebe maji, wazee waje siku moja kwa wiki kuchukua miche na kupiga stori. Mbegu za mnafu waulizeni hao hao akina bibi, wanajua kuzikausha kuliko mimi.

Na kama majani yanaungua kuanzia kingoni hata udongo ukiwa na unyevu, hapo siyo maji, ni samadi mbichi, hasa ya kuku. Iacheni ioze miezi mitatu kwanza.