Kadaftari kangu ka tiki

Kuna kipindi nilikuwa na kadaftari kadogo, kila usiku kabla ya kulala nakafungua, nimeomba asubuhi tiki, nimesoma neno tiki, nimemkasirikia mtu hapo eksi, afu najumlisha. Eksi zikizidi silali, natubu, nasinzia, nashtuka saa nane usiku natubu tena dhambi ile ile maana nahisi mara ya kwanza sikumaanisha vya kutosha. Yaani nimeokoka lakini naishi kama mtu mwenye kesi isiyoisha. (Baadaye nilisoma kuwa Martin Luther, yule aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, akiwa mtawa alikuwa anaungama masaa na masaa, nikacheka, kumbe tuko wengi.)

Mzee mmoja wa kanisa ndo alinifungua macho. Akaniuliza, mwanangu, Ibrahimu alihesabiwa haki, yaani Mungu alimhesabu kuwa mwenye haki mbele zake, lini? Nikajibu fasta, alipomtoa mwanawe Isaka sadaka. Akasema kafungue Mwanzo 15:6. Nikakuta ameshahesabiwa haki pale kwa kumwamini Mungu tu, Isaka hata hajazaliwa, tohara yenyewe iko sura ya 17 akiwa mzee wa miaka 99! Paulo kwenye Warumi 4 anasimamia hapo hapo, anasema mtu akifanya kazi mshahara wake ni deni, sio neema. Sasa mimi na tiki zangu nilikuwa nafanya nini kama sio kumdai Mungu mshahara?

Kwa hiyo ndugu yangu kama na wewe unajikagua hivyo, anza kwa kutenganisha vitu viwili. Kuhesabiwa haki ni hukumu, hakimu ametamka huna hatia kwa ajili ya Kristo, imeisha hiyo. Kubadilika tabia ni utakaso, huo unaenda polepole na siku zingine unaona kama umerudi nyuma kabisa, mi nilikuwa nausoma utakaso wangu kama hukumu ndo maana sikulala.

Najua mtaniuliza Yakobo 2:24, pale anaposema mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Soma mistari ya juu yake, anaongelea Isaka madhabahuni, hiyo ni Mwanzo 22, miaka mingi baada ya ile 15, yaani pale kwa matendo ndo imani iliyokuwepo siku zote inaonekana.

Afu soma Luka 18, yule Farisayo anayejisifia matendo yake kwenye maombi anasema nafunga mara mbili kwa juma, aisee hilo ni daftari langu kabisa, niliona aibu.

Siku hizi nikikosea naungama mara moja, niliyemkosea namwomba samahani, nalala. Saa nane bado nashtuka mara moja moja, nageukia upande wa pili.