Ndege ya foamu inanyanyua pua halafu inadondoka: usikimbilie mota kubwa

Mkuu uliyeuliza kuhusu ndege yako ya rimoti, kwamba ukiirusha inanyanyua pua, inasimama hewani kidogo halafu inaangukia ubavu, na sasa unataka kununua mota kubwa, naomba ushike hela yako kwanza. Mimi nimepitia hayo hayo hapa Mwanza, nilibadilisha mota mara 2 na ndege ikaendelea kudondoka vilevile, maana shida haikuwa nguvu, uzito ulikuwa umekaa nyuma.

Pima hivi. Weka betri ndani kabisa kama unaenda kurusha, kisha pima upana wa bawa toka ukingo wa mbele mpaka wa nyuma. Kama bawa limenyooka na lina sentimita 20, piga alama kwa chini sentimita 5 hadi 6 toka mbele, kushoto na kulia, halafu inyanyue kwa ncha za vidole hapo kwenye alama. Ikilala sawa au pua ikainama kidogo, safi. Mkia ukishuka usirushe, hata kama jamaa wameshajaa uwanjani wanasubiri.

Sasa wengi wakishaona hivyo wanabandika risasi za nyavu puani, ndege inakuwa nzito bure. Anza kwa kusogeza betri mbele. Halafu angalia mkia wako umeujaza gundi kiasi gani, maana gramu 10 za ziada mkiani, kama mkia uko mbali mara 3 kuliko pua ukipima toka kwenye ile alama, zinadai gramu 30 mbele. Mimi mkia naukata kwenye foamu nyembamba kabisa, naupa kijiti kimoja cha mishikaki kwa ajili ya ugumu, basi.

Foamu yenyewe naitoa kwenye maboksi ya samaki, yale meupe, naosha na sabuni naanika, nakata kwa waya wa koili ya jiko la umeme ulionyooshwa na kupashwa moto kwa umeme mdogo wa betri. Kata nje penye hewa, ule moshi ni mbaya sana kwa kifua. Na supaglu ya kawaida usiiguse kwenye hiyo foamu, inaila mpaka unabaki na shimo.

Gundi ya moto ya bastola ni nzuri kwa sehemu nyingi lakini sio kwenye ubao wa kushikilia mota, hapo nakuomba unisikie. Niliwahi kuiacha ndege ndani ya gari juani kwa masaa mawili hivi, gundi ikalegea bila mimi kujua, nilipoiongezea mota nguvu kwa rimoti iling'oka na propela ikapita karibu na mkono wa mdogo wangu. Toka siku hiyo ubao wa mota nashikisha kwa epoksi na napitisha vijiti vinne kwenye ubao mpaka ndani ya foamu. Na ukiwa unajaribu mota mezani, propela unaitoa kwanza, kila siku, hata ukiwa na haraka.

Kingine, ukishapata mzani sawa ndege inaweza bado kuwa na wenge kwa sababu mkia unacheza sana. Waya wa sevo (kile kimota kidogo kinachosogeza mkia) uchomeke tundu la ndani kwenye mkono wa sevo, na tundu la nje kabisa kule kwenye pembe ya mkiani, yaani kile kipande chenye matundu kilichobandikwa mkiani, hapo mwendo unapungua na ndege inatulia. Kabla ya kurusha simama nyuma yake: ukivuta stiki ya rimoti, elevata (kipande cha mkia kinachopanda na kushuka) inanyanyuka, ukipeleka kulia, ailroni ya kulia (kipande kinachosogea nyuma ya bawa) inanyanyuka. Nimeona ndege nzuri sana ikivunjika sekunde ya kwanza kwa kusahau hili tu.

Betri za lipo, yaani za lithiamu polima: kila seli ikijaa ni volti 4.2, na mimi natua ikiwa kama 3.6, sisubiri ife. Kama hurushi wiki hii usiiache imejaa, ishushe mpaka 3.8 kwa seli. Iliyovimba usiichaji tena. Nachajia ndani ya chungu cha udongo, sakafuni kwenye simenti, mbali na pazia, na sitoki chumbani mpaka imalize.

Pima mzani leo jioni, uniambie alama imeangukia wapi.