Giza likianza, nina kazi

Swali la wiki hii lilikuwa: "Ukishastaafu, muda wote ulionao unaufanyia nini?"

Mhariri, mimi nimekwama kwenye hilo neno "ulionao". Nilistaafu mwaka 2016 nikiwa na miaka 60, baada ya miaka 34 ya ukarani wa hesabu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na miaka miwili ya mwanzo sikuwa na muda hata kidogo. Ulikuwa wa watu. Kamati ya harusi ikikosa mweka hazina, "mzee si yupo nyumbani?" Fundi bomba hajasema atakuja saa ngapi, mzee atamsubiri. Msiba wa Igoma, msiba wa Buhongwa, kote nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, maana sikuwa na udhuru. Jioni nikijiuliza leo nimefanya nini, sina jibu, ila miguu inauma.

Kiinua mgongo nilikitia kwenye bajaji mbili. Hilo sitaki kulieleza, wastaafu wenzangu wanajua linavyoishaga.

Kilichoninyanyua kwenye kochi ni dagaa. Tunaishi Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na asubuhi moja kijana wa jirani, nahodha wa mtumbwi, alikuja na daftari la shule lililolowa nusu. Akanisalimia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, namhala. Tajiri anasema tunadaiwa, sisi tunasema tunamdai. Tusaidie."

Tajiri, kwa lugha ya mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa, ni mwenye mtumbwi, hata kama kaptura yake ina viraka. Mtumbwi ukirudi alfajiri, dagaa wanapimwa kwa ndoo na akina mama wachuuzi wananunua palepale. Unatoa mafuta ya injini, unatoa chakula, unatoa matengenezo ya taa; kinachobaki, kwenye mtumbwi wetu, nusu ni ya tajiri na nusu ya vijana. Ni hesabu ya darasa la tano. Lakini jaribu kuifanya saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya watu wanne ambao hawajalala, kila mmoja na idadi yake ya ndoo kichwani.

Nikawa mtu wa daftari. Mwezi wa tatu nikakosea. Yule mdogo kuliko wote, anayeshughulika na taa, aliweka kidole kwenye mstari: "Babu, haya mafuta ya Jumatano umeyatoa mara mbili." Lita 20. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Lita 20 zilikuwepo, juu na chini. Mimi niliyezeeka nikikagua vitabu vya wengine! Nilitamani kuondoka bila kuaga. Tajiri akacheka, akawalipa kilichopungua, yakaisha. Tangu siku hiyo kijana anasoma kwa sauti, mimi naandika. Aliacha shule darasa la sita, na siku hizi ananiwahi kugundua injini ikianza kula mafuta kupita kawaida.

Sasa hapo ndipo muda wangu ulipopata mwenyewe. Dagaa wa ziwa hili wanavuliwa kwa taa, zamani karabai, siku hizi za sola, na taa haiwaiti dagaa mwezi ukiwaka. Kwa hiyo mwezi wetu una sehemu mbili: giza, siku kama ishirini hivi za kazi, na mbalamwezi, ambapo vijana wanakwenda makwao, nyavu zinashonwa na mitumbwi inazibwa matundu. Mimi nami nimeifuata kalenda hiyo. Wakati wa giza naamka saa kumi na moja, nachukua tochi na koti, na hakuna kamati ya harusi inayonipata kabla ya saa nne. Shemeji yangu alinuna karibu mwaka mzima. Akazoea.

Mbalamwezi ni ya kliniki ya presha (dirisha la wazee siku hizi linakwenda upesi kiasi) na ya kumtembelea binti yangu Sengerema. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, kilometa 3, dakika chache tu, wakati zamani foleni ya kivuko iliweza kukula asubuhi nzima. Nashukuru. Ila sijawahi kupiga soga nzuri kama zile za kwenye foleni ya Kigongo, na sijui wale wazee wenzangu siku hizi wanakutania wapi.

Wanangu wananiambia, "Baba, pumzika, tutakutumia hela." Wanatuma kweli, Mungu awabariki. Lakini hela inaingia kwenye simu hata nikiwa nimelala. Mwaloni nisipofika, mgao unasimama na dagaa wanachacha. Sisemi kila mzee ashuke mwaloni. Jirani yangu, muuguzi mstaafu, magoti yamemgomea, ana kitalu chake cha miche na watu wanajua Jumanne na Ijumaa watamkuta pale. Kwangu jibu la swali lenu ni hilo: tafuta mtu atakayekasirika ukichelewa.

Malipo yangu ni sado moja ya dagaa kila mgao. Mke wangu anawaanika kwenye chanja, hataki kusikia habari ya mchanga. Anasema miaka yote hii ametafuna Igombe ya kutosha.

Ninapoandika haya mwezi ni mpevu na mitumbwi imepandishwa juu. Kijana wangu ameomba giza hili aandike yeye, mimi nisome. Nimekubali, ila miwani nimeipeleka kwa fundi kwanza.