Umemzika mtu anapumua: maswali yenu kuhusu ukoo wa Tenno, mfalme wa Japani

"Mfalme Reiwa ana miaka mingapi?"

Jamani, tena? Hakuna Mfalme Reiwa. Reiwa ni jina la zama, yaani kipindi cha utawala wake, zimeanza Mei 1, 2019. Mwenyewe ni Naruhito, kazaliwa 1960, na Wajapani hata hilo jina hawalitaji ovyo, wanasema Tenno Heika, yaani Mtukufu Mfalme, basi. Jina la zama mtu anapewa akishafariki, ndo maana Hirohito leo ni Tenno Showa. Ukimwita Reiwa umemzika mtu anapumua.

"Baba yake aliyeng'atuka je?"

Akihito ni Joko, yaani mfalme aliyeng'atuka. Mama, Michiko, ni Jokogo, mke wa Joko.

"Mbona Akishino si Kotaishi na yeye ndo anafuata?"

Kotaishi ni mtoto wa Tenno aliyeko kitini ambaye ndiye mrithi, Akishino ni mdogo wa Tenno. Sheria ya ukoo ya 1947 inataja mtoto, inataja mjukuu, mdogo mtu haikumpa jina, kwa hiyo anaitwa Koshi, yaani mrithi tu, ila mambo yake yanaendeshwa kama ya Kotaishi.

"Nimesoma kuna Malkia Tsuguko, ni nani?"

Hiyo umesoma kwenye tafsiri ya mashine, usibishe. Watoto na wajukuu wa Tenno, wanaume ni shinno, wanawake ni naishinno, kuanzia vitukuu ni o na joo. Tsuguko wa Takamado ni kitukuu cha Tenno Taisho kwa hiyo ni joo, na neno hilohilo Wajapani wanamwitia malkia wa nchi nyingine, basi mashine inaona joo inampandisha binti wa watu kwenye kiti na blogu zetu zinakopi bila kuuliza. Someni kabla hamjashea.

"Mako bado ni naishinno?"

Hapana, na hili la binti wa Akishino linaniudhi kila nikilijibu. Kaolewa na raia wa kawaida Oktoba 26, 2021, kifungu cha 12 cha sheria ileile kikamtoa kwenye ukoo siku hiyohiyo. Mtu alikuwa hana hata jina la ukoo, akatoka Komuro, jina la mumewe. Asubuhi ile mlangoni kwao aliinama mbele ya wazazi, mdogo wake Kako akamkumbatia, akapanda gari, na zile fedha za kuagwa, yen milioni 140 hivi, alishazikataa. Sasa geuza upande wa pili. Michiko alitoka familia ya kiwanda cha unga, Masako, mke wa Naruhito, alikuwa afisa wa mambo ya nje, wote waliolewa wakaingia wakaja kuwa Kogo, yaani mke wa Tenno. Mwanaume anaingiza mke, mwanamke anatolewa, halafu wanashangaa kwa nini warithi wamebaki watatu, Akishino, mwanawe Hisahito, na Hitachi, mdogo wa Akihito, ambaye ni mzee wa 1935!

"Aiko atarithi?"

Ni binti wa Naruhito, na kwa sheria ilivyo kiti ni cha wanaume tu, kwa hiyo hapana. Na msiniambie ni mila ya tangu enzi, wanawake 8 walishakalia hicho kiti.

"Mako akiachika anarudi?"

Harudi. Mwanamke anaingia kwa kuolewa na mwanaume wa ukoo tu, na ambaye hajaoa pale ni mmoja, Hisahito, mdogo wake wa tumbo moja.