Tuliuchangia Ugonjwa kama Harusi

Ujumbe uliingia Jumatatu usiku, miguu yangu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. "Shikamoo dada. Mama yangu kamaliza mionzi mwezi wa nane. Ameona picha zenu za matembezi, na yeye anataka atembee mwakani, sisi watoto tuchangishe. Tunaanzia wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilitaka kukujibu mistari miwili, ikashindikana.

Kwa wasiojua, Jumamosi iliyopita ukoo wetu, watu kumi na tisa pamoja na mtoto wa mgongoni, tulitembea kilometa tano kwenye matembezi ya saratani ya matiti hapa Dar, kutoka Oysterbay, tukavuka Daraja la Tanzanite na kurudi. Mfukoni tulikuwa na shilingi 3,415,000 tulizochangisha wenyewe. Naandika mpaka ile elfu tano ya mwisho kwa sababu najua imetoka kwa nani na ilichelewa siku ngapi. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Lakini ukitaka kujua pa kuanzia, usiangalie Jumamosi iliyopita. Angalia Oktoba 2022.

Habari ya uvimbe niliougundua nikioga, kemo, upasuaji na kunyonyoka nywele nilishaziandika, sizirudii. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza matibabu, nimebaki na tembe yangu ya tamoksifeni kila asubuhi, dawa ya kuzuia saratani isirudi, na nilikuwa na kiherehere cha mtu aliyerudishwa duniani. Nikajiandikisha matembezi. Nikanunua fulana sita za pinki kwa hela yangu. Kisha nikaingia kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, watu 112, nikaandika ujumbe mrefu wenye "ndugu zangu wapendwa" na "mnishike mkono", na namba ya kutuma mwishoni.

Nilipata viganja vya sala zaidi ya arobaini. Nilipata "Amina" mpaka nikaacha kuhesabu. Hela nilipata 62,000, na katika hizo 50,000 ni za mume wangu, Baba Zuhura, ambaye tunalala naye chumba kimoja.

Wiki hiyohiyo, grupu hilohilo, binti wa binamu yetu alikuwa na sendofu. Siku tisa tu, milioni nne na ushee. Kaka yangu mkubwa aliahidi laki tano na akalipa siku ya pili, na risiti akaibandika kwenye grupu tuione wote. Mimi, mdogo wake wa tumbo moja, alinitumia moyo wa pinki. Nilipompigia akaniambia, "Haya mambo ya matiti ni ya kinamama, ongeeni wenyewe." Kaka, najua huwa unasoma hapa. Mwaka huohuo wa 2022, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, saratani ya matiti iliua watu 670,000 duniani, na wanaume nao huugua, ingawa ni wachache, kama mmoja hivi katika kila wagonjwa mia, au pungufu. Una kifua na wewe.

Wifi yangu naye alikuja nyumbani kabisa. "Wifi, jambo la kifuani ni la ndani. Unakwenda kulianika Coco Beach ili iweje?" Sikumjibu. Nilimkaangia chapati, akala, akaondoka.

Siku ya matembezi tuliambiwa tuanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulianza saa mbili na dakika arobaini, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa hajafika. Muda wote huo sisi "mashujaa" tulipangwa mbele ya jukwaa, tusimame vizuri, tupigwe picha. Waandaaji siwataji, wanajijua. Jua la Dar la saa tatu wengine hamlijui, mnaliona kupitia kioo cha gari.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijawahi kukiandika. Wakati ule sikuwa na titi la bandia la dukani. Nilijishonea kifuko cha kitambaa, nikajaza mchele, kwa sababu pamba haina uzito, na upande mmoja ukiwa mwepesi bega linapanda na mgongo unauma. Mchele wa Kyela, robo kilo. Tulipofika katikati ya daraja, jasho likawa limelowanisha uzi, uzi ukaachia. Kwanza nilihisi kitu kinateremka tumboni. Nikatazama nyuma: mstari wa mchele barabarani, kama mtu anayeita kuku. Binti yangu, wakati huo yuko darasa la sita, akawa anauokota. "Zuhura, acha," nikamwambia. Akaendelea kuokota.

Mkono wa kushoto nao, upande nilioondolewa tezi za kwapani, ulikuwa umeninginia tangu asubuhi kwenye joto. Vidole vilivimba kama mihogo, pete ikagoma kutoka. Kwenye kwapa lisilo na tezi za kutosha, maji ya mwili hayana njia nzuri ya kurudi, na mimi nilikuwa nimeambiwa hospitali nikatikisa kichwa tu, akili iko kwenye fulana. Nilikaa chini upande wa pili wa daraja, tukaita bajaji, tukarudi Tabata. Medali yangu ya 2022 sina. Sijatembea kilometa zote, sikupewa.

Miaka miwili sikutaka kusikia neno matembezi.

Aliyenirudisha ni jirani yangu, kijumbe wa upatu wetu hapa mtaani, mwanamke ambaye hajawahi kupotezewa hata mia. Siku moja nimemsimulia hasira zangu za grupu, akaniuliza, "Uliwaomba kina nani?" Nikasema wote. Akacheka. "Hukumwomba mtu. Harusi ina kadi. Kadi ina jina."

Akanifanya nilete daftari langu la michango. Wanawake wenzangu mnalijua daftari hilo: nani nilimchangia kichenpati, nani msiba, nani ubatizo, kiasi gani, mwaka gani. Tukakaa barazani na chai ya tangawizi, tukaandika majina 84. Mbele ya kila jina tukaweka kiasi nilichowahi kumpa yeye. Usiniambie ni unyonge. Ndivyo tunavyoishi, ila kwenye ugonjwa tunaona haya kulifungua daftari.

Basi ushauri wangu wa kwanza, mdogo wangu, ni huo: omba kwa jina. Usiombe grupu. Piga simu, salimia, uliza watoto, kisha omba, taja kiasi, nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi. Mimi nilikuwa nikitaja kiasi halafu narukia, "lakini hata kama huna si neno," na watu wanaikamata hiyo "si neno" kama kamba ya kisimani.

Tukachapisha kadi za ahadi pale stesheneri, zenye namba. Tukaunda kamati. Mweka hazina akawa kijumbe. Mwenyekiti tukamweka mama yangu mzazi, miaka 71, aliyekuja na basi kutoka Korogwe kwa kazi hiyo tu. Hakuna mtu wa ukoo wetu anayeweza kumwambia mama yule "mtandao unasumbua". Na tarehe za kukumbushia tukaziweka baada ya mishahara. Ukimkumbusha mtu tarehe 15 unamtukana.

Jambo la pili ni lilelile la kwanza: taja kwa jina, safari hii matumizi. "Tuungane kupambana na saratani" haimtoi mtu hela. Mwaka 2022 mimi mwenyewe nisingeweza kukuambia ile 62,000 ilikwenda kununua nini. Safari hii tulisema wazi: malazi, chakula na nauli za wagonjwa wa mikoani wanaokuja Dar kwa mionzi. Nilikaa nao kwenye mabenchi ya Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar, lile jengo la zamani la Wajerumani la mwaka 1897, najua wanacholia. Mionzi haitolewi kwa mkupuo. Hugawanywa dozi ndogondogo, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tatu, wengine wiki tano, ili sehemu za mwili zisizo na ugonjwa zipate nafasi ya kupona kati ya dozi na dozi. Mama wa Kigoma niliyekuwa napanga naye foleni alikuwa hana shida na mashine. Shida yake ilikuwa usiku, alale wapi. Nilipoanza kumsimulia huyo kwenye simu, watu walikuwa wananikatiza, "Siku moja ni shilingi ngapi?" Tulikadiria 20,000 kwa malazi na chakula. Mtu ananunua siku tatu, mwingine siku tano. Shemeji mmoja alinunua wiki nzima, na ana midomo mizito huyo, hajawahi kunisalimia vizuri.

Hata huko mbio na matembezi haya yalikoanzia, jambo lilianza na undugu. Mbio za kwanza za namna hii kule Dallas, Texas, zilifanyika 1983, watu mia nane, na aliyeziandaa, Nancy Brinker, alikuwa amemwahidi dada yake Susan Komen, mgonjwa wa saratani ya matiti aliyefariki 1980 akiwa na miaka 36, kwamba atapambana na ugonjwa huo. Mdogo mtu alitimiza ahadi. Wengine wetu tuna kaka.

Kuhusu mama yako, mwulizeni kwanza daktari wake. Nilichofanya mimi ni hiki: nilianza miezi mitatu kabla, dakika kumi kuzunguka mtaa jioni, nikaongeza taratibu. Mkono nikauvalisha soksi maalumu ya kubana, niliyopimiwa hospitali, na kila baada ya muda naunyanyua juu, nafumba na kufumbua ngumi. Mkoba haukai bega hilo. Kofia, maji, na nguo laini pale ngozi ilipopigwa mionzi. Na mwende kwa mwendo wake yeye. Kwetu vijana walitaka kukimbia wapige picha mbele, mama akawaita kwa filimbi, nasema kweli, alibeba filimbi. Nyuma yetu bajaji ya mtoto wa jirani ilikuwa inatambaa, atakayechoka apande bila kuulizwa.

Na mje saa ya kuanza kutembea, si saa ya picha.

Ndugu zangu, fulana si mchango. Ukinunua fulana ukaivaa ukapiga selfi ukarudi kulala, umenunua nguo. Dada zangu, wagonjwa wengi hapa kwetu wanafika hospitali uvimbe umeshakomaa, na mara nyingi sababu ni ile kauli ya wifi, jambo la ndani. La ndani lilinitoka barabarani punje kwa punje mbele ya mwanangu, na sikufa. Jikagueni, na mkigusa kitu msikipe mwezi. Kinababa, mkeo akikuambia "nimegusa kitu hapa", usimwambie ni maziwa, usimwambie asubiri mwisho wa mwezi, mpeleke.

Wifi alikuja Jumamosi. Hakuomba radhi nami sikudai. Alibeba katoni ya maji kichwani kilometa zote tano, kila nikigeuka yuko nyuma yangu hatua mbili. Zuhura, kidato cha kwanza sasa, alitembea ameshika mkono wangu wa kushoto kwa juu, kama mtu aliyeshika bendera, mpaka nikamwambia mwanangu umenichosha.

Medali nimepata. Imetundikwa jikoni, juu ya debe la mchele.

Zile 3,415,000 ni zilizoingia. Ahadi ilibaki moja, kadi namba 17, laki tatu, sahihi ya kaka. Kadi iko kwa mwenyekiti, na mwenyekiti amesema harudi Korogwe kabla ya tarehe 27.